Jina la Mhusika na Umri Wake

Baadhi ya waandishi wetu wa hadithi huyapima kwa uangalifu mavazi ya wahusika wao, nyumba zao na usemi wao, lakini majina huyaokota kama kuni za njiani. Neno langu ni hili: jina la mhusika hutaja wakati aliozaliwa, na mwandishi asiyeujua wakati huo hamjui mtu wake.

Tuutazame mkoa wa Singida. Wanyaturu walipopambana na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamke anayekumbukwa hata leo kwa upinzani ule aliitwa Liti. Mwandishi wa riwaya ya zama zile akimwita jirani wa Liti Jackline, ameibomoa kazi yake kwa neno moja. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana, kutoka Marekani, walianza kazi Iramba katika miaka ya 1920, na majina ya ubatizo yalienea kwa kadiri makanisa na shule zilivyoenea. Hata majina hayo yana rika. Babu ni Yohana. Mjukuu ni John. Mtume ni mmoja, nyakati ni mbili.

Wako wasemao kuwa jina ni alama tu, na humtoa Shaaban Robert kuwa shahidi, kwa kuwa Adili na Utubora hawana umri katika majina yao. Ushahidi huo hauwafai. Majina yale yalitungwa kutaja tabia. Hayakudai kutoka katika daftari la kijiji. Anayeandika habari za Ikungi au Kiomboi, akataja na mwaka, amejifunga kwa ahadi nyingine. Euphrase Kezilahabi aliitimiza ahadi hiyo mwaka 1971: jina la Rosa Mistika, lililotoka katika litania ya Bikira Maria, lamwonyesha msomaji nyumba ya Kikatoliki kabla hajaelezwa.

Wengine hukosea kwa upande wa pili: huwapa vijana wote majina ya mababu ili kijiji kionekane cha asili. Mwanasiasa Tundu Antiphas Mughwai Lissu, aliyezaliwa mkoani humo mwaka 1968, ana jina la ubatizo katikati ya majina ya kwao. Ndivyo walivyo wengi. Basi haitoshi kuuliza mhusika anaitwa nani. Hapana budi kuuliza nani humwita hivyo. Bibi aweza kumwita kwa jina la ukoo, mwalimu kwa jina la daftari, na katika tofauti hiyo imo habari ya nyumba nzima.

Mwandishi na ahesabu miaka kabla ya kutoa jina. Wazee wengi wa Singida walikufa bila kuacha barua wala picha. Lililobaki kwao ni jina. Tukiwavika majina ya wajukuu wao, tumewafuta mara ya pili.