Hisa za TOL: tazama gawio kabla ya bei

Mfanyabiashara wa Kahama au Geita anaufahamu mtungi wa oksijeni. Bila huo mchomelea vyuma hana kazi, na karakana ya mgodi hali kadhalika. Wachache wanakumbuka kwamba TOL, watengenezaji wa gesi hiyo, ndiyo kampuni ya kwanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, Aprili 1998.

Hisa ilitolewa kwa umma kwa shilingi 500. Mgodi wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu 2001, wengi walitarajia neema. Haikuwa hivyo. Kufikia mwaka 2010 bei ilikuwa chini ya shilingi 300, na wanahisa walikaa miaka mingi bila gawio. Gawio hutoka kwenye faida. Hasara zilizolimbikizwa hulizuia hata pale mauzo yanapoongezeka. Bei ilirudi juu ya 500 baadaye, lakini aliyekuwa na shida ya fedha alikwisha kuuza kwa hasara.

Kwa maoni yetu, hisa hii si ya haraka. Soma hesabu za miaka mitano: faida baada ya kodi, madeni, na gawio kwa kila hisa. Kumbuka kodi ya asilimia 5 kwenye gawio. Tena wanunuzi wake ni wachache. Fedha ya kununulia pamba msimu ujao isiingie humo. Weka ile usiyoihitaji kesho.