Hiyo Hina Nyeusi Si Hina, na Hilo Si Jicho

Watu wangu, leo sina utani. Kila nikipandisha vidio ya harusi, komenti ni zile zile. "Piko imekolea!" "Nani kakupaka, nipe namba." Sasa leo nawaambia kilichomo ndani ya hiyo rangi, maana mimi alama yake ninayo mkononi mwaka wa pili huu.

Kwanza tuiite kwa jina lake. Hina ni majani ya mhina, yamekaushwa, yamesagwa, yamekandwa. Ukiibandua inatoka rangi ya chungwa, baada ya siku mbili inaiva ikawa nyekundu ya kahawia. Haijawahi kuwa nyeusi tititi ndani ya nusu saa. Kinachofanya hivyo ni piko, na piko ni rangi ya nywele. Ndani yake mna kemikali inaitwa PPD. Kwenye pakiti huandikwa jina refu linaloishia na "diamine". Imetengenezewa nywele, tena kwa kipimo, tena uioshe upesi. Sisi twaichora kwenye ngozi hai, nzito vile ilivyo, twaiacha ikauke.

Mara ya kwanza nilipakwa Idd, nikiwa kidato cha tatu. Hakuna kilichonipata, picha zikawa moto. Mara ya pili ilikuwa harusi ya binamu yangu hapa Kibarani. Siku ya pili baada ya harusi mkono ukaanza kuwasha, kuwasha kwa kukunyima usingizi. Siku ya tatu kila ua na kila jani limeinuka, malengelenge yamejaa maji, yamefuata mchoro utadhani mtu kanichora na waya wa moto. Khalti akasema ni jicho. "Ulipendeza sana mwanangu, walikukodolea." Nikasomewa, nikapakwa mafuta ya nazi, wiki ikaisha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nilipakwa nini.

Mwaka jana sasa, bila kuunganisha mambo, nikatia nywele rangi nyeusi ya dukani. Kesho yake naamka siwezi kufungua macho, uso umevimba kama andazi. Zahanati nikakutana na muuguzi, akaniuliza swali moja tu: "Ushawahi kupaka piko?" Mimi chuo niliacha mwaka wa pili na sijidai daktari, lakini lile swali moja lilinifunza kuliko mihadhara yote niliyohudhuria.

Ndo maana huwa nachoka na wale wa "mimi napaka tangu darasa la sita, mbona sijapata kitu?" Dada, aleji ndivyo ilivyo. Siku ya kwanza mwili unaweza kukaa kimya huku unaisoma hiyo kemikali na kuiandika kwenye orodha ya maadui. Ukirudi nayo, ndipo askari wanatoka. Unaweza kupaka mara moja au mara ishirini kabla ya siku hiyo. Ikishaingia kwenye orodha, kawaida haitoki tena maisha yako yote. Rangi ya nywele ndo basi, na hata dawa fulani za ganzi zinaweza kukuletea balaa, kwa hivyo daktari wa meno mwambie mapema.

Sasa utajuaje ni aleji na si jicho wala uchafu? Tazama saa na umbo. Hii ya ngozi haiji papo hapo, huja baada ya siku moja hadi tatu. Inawasha zaidi ya kuuma. Na inakaa pale pale dawa ilipogusa, mchoro kwa mchoro. Jicho gani hilo linalofuata maua? Ukiona usaha, homa, wekundu unaotambaa nje ya mchoro, hapo kidonda kimeingia vijidudu, nenda hospitali.

Iko nyingine ya haraka, usichanganye. Mtu amekula korosho au kamba, au ameumwa na nyuki, na dakika chache tu midomo imevimba, mwili umetoka mabaka, kifua chapiga filimbi, anatapika, kizunguzungu. Huyo usimpe Piriton mkakaa kusubiri. Tafuta gari saa hiyo hiyo, anahitaji sindano ya adrenalini. Na wewe unayemtilia mwenzio kamba kwenye pilau kisiri "tuone kama ni kweli", hiyo si mchezo. Mzio ni neno letu la tangu zamani, si maringo ya watu wa Nairobi.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Ulaya sheria inaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 ikifika kichwani, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Yaani mtalii anayechorwa ufukweni akivimba, daktari wa kwao anajua la kumuuliza. Msichana wa Kibarani akivimba anaambiwa alipendeza kupita kiasi.

Najua wapakaji mtanivamia inboksi. Ni riziki yenu, naelewa, na vidole vyenu ndivyo vinavyoishika hiyo dawa kila wikendi, kwa hivyo hata nyinyi mko hatarini. Siombi mfunge kazi. Naomba muache kuiita "hina nyeusi". Hina ya kweli yauzika. Ikande na ndimu, iache usiku kucha, asubuhi itakuwa imeiva vizuri. Bibi harusi akitaka nyeusi mwambie ukweli, aamue mwenyewe. Na watoto wadogo wa Idd msiwaguse na piko, hao hawajaamua chochote.

Na yule aliyeniandikia ati natafuta kiki, karibu Kibarani. Mkono bado una ua, rangi ndo imepauka.