Korosho Nachingwea, Ruangwa: Kura ya mkulima ina thamani gani?

Siku ya mnada wa korosho Nachingwea au Ruangwa, bei za wanunuzi hutangazwa mbele ya wakulima. Wakikubali, mzigo unauzwa. Wakigoma, unabaki ghalani. Hiyo nayo ni kura, na matokeo yake yanaonekana mfukoni.

Minada hiyo iko chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Lakini msimu wa 2018 ulionyesha kura hiyo inaishia wapi.

Juni mwaka huo, Bunge lilibadili sheria ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Awali asilimia 65 ya hela hizo ilitengwa kuendeleza zao. Sasa zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga, wakazidiwa.

Oktoba, wakulima wa kusini waligomea bei za mnada. Novemba 12, Rais John Magufuli akatangaza kuwa Serikali itanunua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo, na JWTZ itasomba mzigo.

Bei ilikuwa nzuri kuliko ya wanunuzi. Shida ilikuja kwenye malipo. Uhakiki wa kuwasaka wafanyabiashara wa kangomba ulichukua muda, na wakulima wengi walisubiri hela kwa miezi. Ada ya shule haisubiri, wala salfa ya kupulizia mikorosho. Safari hii mkulima hakuwa na mnada wa kugomea.

Vipi kuhusu kura ya kwenye sanduku? Mwaka 2020 wapiga kura wa Ruangwa hawakuchagua mbunge. Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipita bila kupingwa.

Wapo wanaosema maendeleo hayahitaji mpinzani, mradi barabara na maji vije. Ni kweli, barabara inaweza kujengwa bila ushindani. Ila mgombea mwenye mpinzani ndiye anayelazimika kusimama kijijini na kuulizwa: hela za ushuru wa korosho zimekwenda wapi?

Nachingwea inalijua somo hili tangu zamani. Mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza uliamuliwa London, ukaanza 1947 na kuachwa 1951. Wenyeji hawakuulizwa kama ardhi yao inafaa.

Mkulima akiwa na nafasi ya kusema hapana, kosa linaonekana mapema. Asipokuwa nayo, hulilipia yeye.