Pete ya Raskazone

Kila Jumamosi baada ya Swala ya Alasiri, wakazi wa mtaa wetu hapa Moshi hushuhudia jambo ambalo limewachekesha kwa zaidi ya mwaka sasa. Wazee watatu, wote waliovuka miaka sitini na mitano, hutembea polepole pembezoni mwa uwanja wa mpira. Mmoja ameshika fimbo ndefu yenye sahani mwishoni, wa pili amebeba chepe, na wa tatu amebeba kikapu. Fimbo hiyo hulia. Watoto hufuata nyuma na kuuliza, "Babu, leo mmepata dhahabu?" Nasi huwajibu kwa ukweli kwamba leo, kama juma lililopita, tumepata misumari.

Ndugu msomaji, wazee hao ni sisi.

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia malezi, ndoa na mirathi. Leo tunaanzia kwenye mchezo wa wazee, lakini atakayevumilia hadi mwisho ataona kwamba hatukutoka mbali na mada zetu.

Mashine hiyo ya kutambua metali, ambayo vijana huiita ditekta, ililetwa na kijana anayefanya kazi Maskati. Alimletea baba yake, mwenzetu mstaafu wa reli, baada ya kuona kwamba tangu mama yao arejee kwa Mola wake, mzee hutoka kitandani kwenda barazani, na kutoka barazani kurudi kitandani. Daktari alikuwa amemwagiza atembee. Kijana akasema kwamba mzee asiyekuwa na kitu cha kutafuta hatembei. Tukamcheka, kisha tukaona kwamba amesema kweli.

Namna inavyofanya kazi si siri. Ndani ya sahani ya chini mna waya wa shaba uliozungushwa. Umeme unaopita humo hutengeneza nguvu ya sumaku inayoingia ardhini, na nguvu hiyo ikikuta metali, huamsha ndani yake umeme mdogo ambao nao hurudisha nguvu yake juu. Mashine hupokea jibu hilo na kuligeuza kuwa sauti. Basi mtafutaji hatazami, bali husikiliza.

Wala si elimu mpya. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi na madaktari wakashindwa kujua ilikolala mwilini mwake, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza chombo cha namna hii na kukileta kitandani kwa mgonjwa. Chombo kililia, lakini hakikuonyesha mahali. Ilikuja kubainika kwamba kitanda chenyewe kilikuwa na nyaya za chuma. Rais alifariki mwezi Septemba mwaka huohuo. Huikumbuka habari hiyo kila mara tunapochimba kwa nusu saa na kukuta bati.

Na bati tunalikuta sana. Katika miteremko ya Kilimanjaro mtafutaji ana taabu mbili kabla hata hajainama. Ya kwanza ni udongo. Huu wetu umetokana na mawe ya volkano, una chuma ndani yake, na mashine huyasikia madini hayo kama kwamba nchi nzima ni sufuria. Hulazimu kuisimamisha, kuishusha na kuipandisha, na kuirekebisha mpaka izoee kelele ya ardhi. Ya pili ni wanadamu. Tumetupa vizibo vya soda, misumari ya bati, vipande vya nyaya na karatasi za alumini za pakiti za sigara. Hiyo karatasi ya alumini ndiyo mtihani mkubwa, kwa kuwa sauti yake hukaribiana na sauti ya pete ya dhahabu. Anayeipuuza ataipuuza na pete, na asiyeipuuza atainama mara hamsini bure.

Kuinama nako, kwa umri wetu, si jambo dogo. Kuna mwenzetu ambaye akishapiga goti hunyanyuliwa na wawili. Lakini kilichotuhuzunisha zaidi ni masikio. Mwanadamu anapozeeka, sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka. Tulipita mahali pamoja mara tatu tukapaona kimya, kisha mjukuu wa miaka tisa akatuvuta kanzu na kusema, "Babu, imelia." Tulichimba tukatoa sumuni ya mwaka 1966, yenye sungura. Tuliishika zamu kwa zamu kama watoto. Mmoja wetu alikumbuka andazi alilolinunua kwa sarafu kama ile alipokuwa darasa la pili. Tangu siku hiyo hatutoki bila mjukuu, na heshima yake mtaani imepanda kuliko yetu.

Furaha nyingine ni ndogo, lakini hatuidharau. Kikapu kimojakimoja, tumekwisha kuondoa misumari mingi katika uwanja ambao watoto hucheza peku. Tunajua kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika matawi ya imani, na hilo pekee lingetosha kuwa ujira wetu.

Mchezo huu una na upande wake wa giza. Hazikupita wiki tatu tangu mashine ifike, vijana wawili tusiowafahamu vizuri walibisha hodi baada ya Isha. Walitaka tuwafuate usiku huohuo hadi mahali fulani juu mlimani, palipo na nyumba chakavu ya Mjerumani na kaburi kando yake. Walikuwa wamekwisha kumlipa mtu aliyewauzia ramani. Kilichobaki, walisema, ni mashine tu, nasi tungepewa theluthi.

Tunaielewa asili ya ndoto hiyo. Wajerumani walitawala hapa, reli yao kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na Machi 1916 majeshi ya Waingereza yalipoingia mjini kutokea upande wa Taveta, watawala wale waliondoka kwa haraka. Rupia zao zilikuwepo kweli. Tabora, mwaka huohuo wa 1916, walipiga hata sarafu ya dhahabu yenye picha ya tembo na mlima. Kutokana na kweli hizo watu wamejenga hadithi ya masanduku yaliyofukiwa chini ya kila mwembe wa zamani, na matapeli wanaishi kwa hadithi hiyo. Tumeona watu wazima wakiuza shamba kwa ajili ya rupia ambayo hawajaiona.

Tuliwaketisha vijana wale, tukawapa chai, tukawaambia mambo matatu. Kwanza, kaburi halifukuliwi kwa tamaa, awe aliyelala humo ni nani, Mtume wetu (s.a.w.) amefananisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja mfupa wa aliye hai. Pili, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kufukua mabaki ya kale bila kibali, na ardhi iliyopiganiwa vita yaweza kuwa na baruti ambayo haijalipuka. Tatu, hata hazina ya halali ina hukumu yake. Rikazi, yaani mali iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu, hutolewa humusi, sehemu moja katika tano; na mali ambayo mwenyewe au warithi wake waweza kujulikana si rikazi kabisa, bali ni ya wenyewe. Walikunywa chai wakaondoka. Hatudai kwamba tuliwashawishi.

Tulisema maneno hayo kwa urahisi, kwa kuwa hatukuwa na dhahabu mikononi. Mtihani wetu sisi ulikuja Tanga.

Ilikuwa katikati ya Mfunguo Tano. Tulialikwa harusi, tukaichukua mashine ndani ya begi. Anayefuata mwezi wa Kiislamu ana faida pwani: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua inapokuja, na maji hupwa mbali kuliko siku nyingine. Alfajiri baada ya Swala tulikuwa ufukweni Raskazone, wazee watatu wa mlimani na mjukuu mmoja, tukitembea mahali ambapo jana yake jioni palikuwa bahari. Mchanga mkavu ulitufurahisha, maana ni mwepesi kuchimba na haupigi kelele kama udongo wetu. Mchanga uliolowa ulitutesa, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme na mashine huyalilia. Tulikuwa tumekata tamaa pale mjukuu alipoinua mkono.

Ilikuwa pete ya dhahabu, na ndani yake pamechongwa maandishi. Maji hukifanya kidole kusinyaa, na pete ikateleza bila mwenyewe kuhisi.

Tutasema kweli, kwa kuwa safu hii haina faida ikiwa mwandishi wake anajifanya malaika. Kwa muda, hakuna aliyezungumza. Mmoja wetu alikuwa na deni la matibabu ya goti. Wote tulijua bei ya dhahabu. Mjukuu ndiye aliyeuliza, "Ya nani?"

Hukumu ya luqata, yaani kilichookotwa, wengi tuliisoma chuoni. Katika hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aliyeuliza akijue vizuri chombo cha alichookota na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze kwa mwaka mzima. Hekima ya kujua alama ni kwamba anayedai aulizwe. Hekima ya mwaka ni kwamba mwenye kupoteza huenda yuko safarini. Wala haitangazwi ndani ya msikiti, kwa kuwa imekatazwa kutafutia kilichopotea humo. Hutangazwa milangoni, sokoni na wanapokusanyika watu. Tulimwachia kazi hiyo jamaa yetu wa Tanga. Alisimama nje ya msikiti Ijumaa kadhaa, akabandika karatasi kwenye vibanda vya karibu na ufukwe: pete imepatikana, piga namba hii. Zaidi ya hapo hakuandika.

Simu zilikuja hadi Moshi. Mmoja alisema pete yake ni ya fedha. Mwingine alisema ndani pameandikwa jina lake, akataja jina ambalo halimo. Bibi mmoja alilia kabla hatujauliza lolote, na tukatamani iwe yake, lakini yeye aliipoteza Pangani, tena miaka mingi iliyopita. Tulimwombea dua.

Pete ikawekwa ndani ya kikopo, katika mtoto wa meza, nyumbani kwa mwenzetu wa reli. Tukaona tumetimiza wajibu.

Mwezi wa Jamadi wa pili mwenzetu huyo alianguka ghafla, akalazwa siku kumi na moja. Watoto wake walipokuwa wakitafuta kadi yake ya bima ya afya, walikiona kikopo. Hawakuwa na habari yoyote. Walidhani ni pete ya marehemu mama yao, ambayo baba aliificha kwa huzuni, na binti yake mdogo akaivaa. Mzee aliporudi nyumbani, bado hana nguvu ya kukaa peke yake, binti alimpa maji, naye akaiona kidoleni.

Alitusimulia baadaye kwamba hakuna neno lililowahi kumwia zito kama lile alilopaswa kumwambia bintiye. Binti aliivua, akaiweka mezani, akatoka nje. Baada ya muda alirudi na kalamu na daftari, akasema, "Baba, andika."

Hapo ndipo tulipojiona tulivyokuwa wazembe. Tuliijua hukumu ya mwaka, tukasahau kwamba wazee wa umri wetu hawana dhamana ya mwaka. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale hata siku mbili tatu bila wasia wake kuandikwa. Sisi tulilala nalo miezi mitano. Lau mwenzetu angefariki, amana ya mtu ingeingia katika mirathi, igawiwe kwa warithi wasio na kosa, wala hakuna ambaye angejua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunakuomba leo usiku ufungue mtoto wa meza yako. Jembe la jirani uliloazima, fedha za kikundi ulizohifadhi, hati ya kiwanja cha ndugu aliye safarini, kitabu cha msikiti: andika ni cha nani na kiko wapi, weka mashahidi wawili, na umwambie mmoja wa watoto wako mahali daftari lilipo. Usiwaachie wanao kukisia.

Daftari la mwenzetu sasa lina ukurasa unaoeleza pete, mahali ilipopatikana, tarehe, na siku mwaka utakapotimia, Mfunguo Tano ijayo. Alama zake ziko katika bahasha iliyofungwa, na hata hapa hatuzitaji. Aliyepoteza pete Raskazone katika msimu ule na atume salamu kwa mhariri, tutamuuliza maswali mawili.

Mwenzetu ameanza tena kutembea, kwa mkongojo. Mashine ameishika mjukuu. Jumamosi iliyopita tulipata misumari kumi na minne na kijiko.

Wabillahi tawfiq.