UCHAMBUZI: Mjumbe wa chama si wa kupiga makofi tu

WAHENGA walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inafaa kuzingatiwa na vyama vya kisiasa humu nchini vinapojiandaa kwa uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, kwani mkutano wa wajumbe hupimwa vyema zaidi na yule anayeuhudhuria kwa mara ya kwanza. Mwenyeji amekwisha kuyazoea yasiyofaa kuzoewa.

Mjumbe mgeni huteuliwa na tawi lake mashinani akiamini kwamba anatumwa Nairobi kuamua. Husafiri usiku kucha kwa basi pamoja na wenzake na kufika Kasarani au KICC alfajiri, akiwa amevalia fulana na kofia ya rangi za chama. Hukaguliwa langoni, huvishwa kitambulisho shingoni na kuelekezwa mahali pa kuketi watu wa kaunti yake.

Jambo la kwanza analoligundua ni kuwa hana karatasi yoyote mkononi ya kumweleza kitakachoamuliwa. La pili ni kuwa saa nyingi za siku hiyo ni za nyimbo na hotuba za wakubwa jukwaani.

La tatu, ambalo humduwaza zaidi, ni wepesi wa uamuzi wenyewe. Mmoja husoma azimio, wa pili hulipendekeza, wa tatu huliunga mkono, ukumbi mzima ukaitikia "ndiyo", na shughuli ikaishia hapo. Jioni hupewa nauli akarejea alikotoka. Waliomtuma wakimwuliza aliwasemea nini huko, hana jibu.

Sisi tunaohariri habari za mikutano hii tunayafahamu maneno yanayofuata: maazimio yalipitishwa "kwa kauli moja". Hata hivyo, historia yetu inaonyesha kuwa kauli moja ya watu ambao hawakuulizwa maoni yao haidumu.

Mnamo Machi 18, 2002, wajumbe walikusanyika Kasarani kuidhinisha muungano wa Kanu na NDP. Vyeo vilikuwa vimekwisha kugawanywa, na wajumbe wakashangilia. Oktoba 14 mwaka uo huo, wajumbe wa Kanu walirudi Kasarani kumwidhinisha Uhuru Kenyatta awanie urais, huku baadhi ya vigogo walioshangiliwa mwezi Machi wakiwa Uhuru Park na upinzani. Kufikia mwisho wa Desemba, Kanu ilikuwa imeondoka madarakani baada ya karibu miaka 40.

Hata pale ambapo masanduku ya kura yaliletwa, mambo hayakwenda vyema. Februari 28, 2014, wajumbe wa ODM walikuwa Kasarani kuwachagua maafisa wa chama wakati wanaume waliovalia suti nyeusi walipovuruga shughuli na kuyapindua masanduku. Fikiria mjumbe aliyetoka Turkana au Kwale kwa mara yake ya kwanza, akiondoka na picha hiyo.

Machi 2022, Azimio ilimwidhinisha Raila Odinga, ambaye sasa ni marehemu, katika ukumbi wa KICC. Siku tatu baadaye, UDA ikamwidhinisha William Ruto Kasarani. Mirengo hiyo ilihasimiana vikali, lakini utaratibu wake ulifanana: shangwe, bila kura ya siri.

Wapo watakaodai kuwa umati mkubwa hauwezi kujadiliana kwa kina. Kongamano la Kitaifa la Katiba lililofunguliwa Bomas mnamo Aprili 2003 linawakanusha. Lilikuwa na wajumbe zaidi ya 600, wakiwemo wabunge wote na wajumbe watatu kutoka kila wilaya. Wengi wa wale wa wilayani walikuwa wageni kabisa katika majukwaa ya kitaifa.

Tofauti ilikuwa katika utaratibu. Mjumbe wa Bomas alikuwa na rasimu iliyochapishwa tangu Septemba 2002, na aliweza kuisoma na kuwauliza watu wa nyumbani kabla ya kufungua kinywa. Aliketi katika kamati ambamo mwalimu wa kijijini aliweza kumkosoa waziri. Vikao vilifanyika kwa awamu tatu, hadi Machi 2004, si kwa saa sita.

Bomas nayo ilikuwa na dosari zake. Ilikumbwa na lawama za marupurupu, mivutano ya makundi na hatimaye upande wa serikali kuondoka kikaoni. Dkt Crispin Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi, aliuawa kwa kupigwa risasi nyumbani kwake Septemba 14, 2003, na rasimu yenyewe haikuwa sheria. Licha ya hayo, wazo la ugatuzi lililojadiliwa pale halikufa, na Katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47.

Kwa nini tuyakumbuke haya leo? Kwa sababu marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa yaliyotiwa saini Januari 2022 yanakiruhusu chama kuwateua wagombeaji kwa njia isiyo ya moja kwa moja, ikiwemo kupitia wajumbe. Katika ngome za vyama, ambako tikiti ni kama ushindi, wajumbe wachache wanaweza kumchagua mbunge au gavana miezi kadhaa kabla ya raia kupiga foleni.

Kifungu cha 91 cha Katiba kinavitaka vyama viendeshe uchaguzi wa ndani wa mara kwa mara, ulio huru na wa haki. Aidha, vyama vinavyotimiza masharti hupokea fedha kutoka kwa hazina ya umma. Kwa hivyo mwenendo wa mikutano hii si siri ya familia. Ni jambo linalomhusu kila mlipa ushuru.

Marekebisho yanayohitajika si ya gharama kubwa. Sajili ya wajumbe ichapishwe mapema ili kila tawi limjue mjumbe wake. Ajenda na maazimio yawafikie wajumbe wiki kadhaa kabla ya mkutano, kwa Kiswahili sanifu. Panapokuwa na zaidi ya mtu mmoja anayetaka wadhifa, kura iwe ya siri. Na mjumbe akirudi nyumbani, alazimike kuwaeleza waliomtuma alipigia nini kura, na kwa sababu gani, ila pale kura ilipokuwa ya siri.

Vyama vitakavyokataa hata haya machache vitakuwa vimekiri kwamba vinawaita wajumbe kujaza viti tu. Navyo visishangae vinapowapoteza wanachama hao siku ya kura, kwani debeni kila mmoja huingia peke yake, na hapo hakuna wa kumwongoza kupiga makofi.