Mkono wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hufunzwa nyumbani

Mzazi wa Enguserosambu, wilayani Ngorongoro, unajua gharama ya kumfikisha mtoto kwa mtaalamu wa tiba ya viungo Arusha mjini au KCMC, Moshi. Ni safari ndefu, nauli, mahali pa kulala, na mifugo uliyoiacha nyuma. Si ajabu mtu akaenda mara moja, kisha akakata tamaa.

Usikate tamaa. Hata anayeishi jirani na hospitali, nusu saa ya mazoezi kwa mwezi haimtoshi mtoto. Mkono hufunzwa nyumbani, kila siku, kwa kazi halisi.

Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia au kutokua vizuri mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Jeraha lenyewe haliondoki, lakini ubongo wa mtoto hujifunza kwa kurudia. Tafiti zimeonesha kuwa mtoto anayejaribu mwenyewe kufanya jambo analolitaka huendelea zaidi kuliko yule anayekandwa na kunyooshwa tu akiwa amelala. Kumkanda si kosa. Kosa ni kuishia hapo.

Chagua jambo moja analolipenda. Ashike kibuyu kwa mkono dhaifu huku mwingine ukifungua kifuniko. Atunge shanga kubwa kwenye waya mgumu, nawe ukiwa karibu asije akazimeza. Anywe maziwa kwa kikombe chepesi anachokishika mwenyewe. Anza na rahisi, ongeza ugumu kidogo kidogo. Akichelewa, msubiri, usimfanyie.

Kwa mtoto aliyeathirika upande mmoja, mtaalamu anaweza kukuelekeza kuufunika mkono wenye nguvu kwa soksi laini wakati wa mchezo, ili ule dhaifu ufanye kazi. Usiufunge kwa kamba, wala usianze bila maelekezo. Ukiona maumivu, au kiungo kinazidi kukakamaa, mrudishe hospitali.

Wahi mapema. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayetumia mkono mmoja tu, msidhani atakuwa mashoto. Mpeleke Hospitali ya Wasso au kituo cha afya kilicho karibu akachunguzwe.

Haya hayaiondolei Serikali wajibu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataja huduma za afya na utengemao. Naona njia nyepesi ni mtaalamu kufuata siku za kliniki ya watoto huko huko kwenye kata, akawafundisha akina mama, bibi na kaka wanaoshinda na mtoto. Akiwafundisha kumi, watoto kumi watafanya mazoezi kila siku, yeye asipokuwepo.

Nawe siku utakayomwona mtaalamu, usitoke chumbani kabla ya kumuuliza: "Nifanye nini nyumbani mpaka tuonane tena?" Mwombe akuoneshe, kisha ufanye wewe mbele yake.