KILICHOTOLEWA HAKIRUDI MFUKONI



Imetufikia khabari, nasi tumekwenda kuihakikisha kwa macho yetu, ya mjane mmoja wa Mji Mkongwe na binti zake wawili waliotakiwa kuihama nyumba waliyoishi zaidi ya miaka khamsini. Marehemu mumewe aliipata baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa ulimi wa mtawala wa zama zile, mbele ya watu, na funguo akatiwa mkononi.

Leo aliyetoa hayupo na aliyepewa hayupo. Ofisi moja yadai kuwa alichopewa marehemu kilikuwa ni kikao tu, nacho kimekwisha kwa kufa kwake. Ajabu ni kuwa ofisi hiyo hiyo i tayari kumwandikia nyumba nduguye marehemu, bwana ambaye hakosekani katika baraza za wakubwa. Jee, kikao kilichokufa kwa mjane chafufuka vipi kwa shemegi yake?

Twauliza: mtawala yule alitoa chake au cha mwenziwe? Ikiwa ni chake, basi ile ni hiba, na hiba, kama tulivyosomeshwa chuoni, hutimia kwa kabdhi. Mtoaji alitoa, mpewa akapokea na akatia mkononi. Marehemu aliezua bati bovu akaezeka jipya, akajenga upya ukuta wa uwani ulioanguka kwa mvua, akaoza humo na akazika humo. Mali iliyotoka namna hiyo ni turathi ya warithi wake. Na hata Sheria ya Ardhi ya 1992 yakiri kuwa haki ya mtu ya kutumia ardhi hurithiwa.

Ikiwa hakikuwa chake, basi nyumba na irejeshwe kwa aliyenyang'anywa, au kwa warithi wake, wakiwa hapa au wakiwa Maskat. Hili twalisema wazi, ijapokuwa twajua halitawapendeza wote, maana hata ndani ya chama chetu wamo wanaolala katika nyumba za namna hii. Umar bin Abdulaziz aliposhika ukhalifa mwaka 717 alizirejesha mali walizopeana jamaa zake wa Bani Umayya, na Fadak, iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe, akairejesha pia. Alianzia kwake, hakuanzia kwa mjane.

Kwa njia ya kwanza nyumba ni ya warithi wa mpewa. Kwa njia ya pili ni ya warithi wa mwenyewe wa asili. Ofisi haimo kwa njia yoyote.

Na huyo ndugu? Hatumnyimi haki yake. Ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na marehemu hakuacha mtoto mwanamume wala mzazi. Basi, baada ya deni na wasia, nyumba hufanywa mafungu 24. Binti wawili wana thuluthi mbili, ndiyo 16. Mjane ana thumni, ndiyo 3. Yanabaki 5, nayo ni yake kwa uasaba. Hisabu hii mtoto wa chuoni aifanya kwa mbegu za ubuyu. Bwana huyu aliyepewa 5 na Mwenyezi Mungu ataka 24 kwa muhuri wa karani!

Wasemao kuwa haya ni ya nyumbani, chama kisiyaingilie, watwambie muhuri ule ni wa nyumbani kwa nani. Mirathi ina Mahakama ya Kadhi. Ugomvi wa umiliki una Mahakama ya Ardhi. Kwa nini basi mjane aletewe barua ya siku saba, wala asiitwe mbele ya hakimu?

Barua hiyo tunayo nakala yake. Mwanachama yeyote aliyepata mfano wake, au mwenye karatasi ya zama zile, hata ikiwa imeliwa na mchwa, asiitupe. Aje nayo dukani petu baada ya sala ya Isha, na shahidi aliyekuwepo siku ya kupewa funguo, ikiwa yungali hai, aje naye.